Mbwa analamba miguu kila siku? Usimuue, usimrogoe, mtazame kwanza kati ya vidole

Kiangazi kikifika Uvira, kuanzia mwezi wa sita, vumbi la barabara linaingia mpaka ndani ya sufuria. Ni katika miezi hiyo wakaaji wengi wa Kavimvira, Mulongwe na Kalundu wanaona jambo moja kwa mbwa wao. Mbwa amelala kivulini, hafukuzi kuku, habwekei mgeni, analamba miguu tu. Analamba asubuhi, analamba usiku. Kama ana manyoya meupe, yale ya miguuni yanageuka rangi na kuwa kama kutu, kwa sababu ya mate.

Wengi hawaulizi sababu. Mbwa ni mbwa. Na wanaouliza wanapata jibu la jirani mbele ya kumtazama mbwa mwenyewe.

Katika familia moja ya Kavimvira, majibu yalikuwa matatu kwa siku moja. Mama wa nyumba anauza ndagala, na jirani wa kwanza alisema Bobi analamba chumvi ya samaki iliyomwagika chini. Wa pili alisema mbwa ametegwa dawa mlangoni, mwenye nyumba atafute adui wake. Wa tatu, mzee anayeheshimiwa katika avenyi hiyo, alisema neno lililowatisha wote: kichaa. Mbwa auawe leo, kabla hajauma mtoto.

Baba alikuwa amekwisha kushika rungu. Mtoto wa kiume wa miaka tisa akakumbatia shingo ya mbwa na kukataa kuiachia. Ni mama aliyesema:

“Baba watoto, ungoje kidogo. Hata mgonjwa wa hospitali wanamuuliza kwanza anaumwa wapi.”

Baba hakuwa mjinga kwa kuogopa. Kichaa cha mbwa kinaua. Dalili zikisha kuonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Na ni kweli kwamba mbwa anayeanza kuugua kichaa anaweza kulamba na kutafuna mahali alipoumwa zamani na mnyama mwingine. Lakini kulamba peke yake si kichaa. Kuua mbwa bila kujua sababu kunaweza kuacha ugonjwa wenyewe ndani ya nyumba, na ndivyo ingekuwa hapa.

Walimwita kijana mmoja aliyesomea mambo ya mifugo, ambaye watu wa kata wanamwita dokta. Hakumgusa mbwa. Alisimama mbali kidogo, akauliza.

“Mama, alianza lini?”

“Tangu mavumbi yalipoanza, dokta.”

“Anakula? Anakunywa maji?”

“Bugali anamaliza. Maji anakunywa.”

“Kuna mbwa aliyemuuma miezi hii? Amebadilika tabia, anawakalia ukali watu wa nyumbani, mate yanamwagika?”

“Hapana. Anatikisa mkia. Asubuhi tu anachechemea.”

“Analamba mguu mmoja ama yote?”

Hapo watu wakatazamana. Hakuna aliyekuwa ameangalia. Mtoto ndiye aliyejibu: “Yote minne, tonton, lakini ya nyuma kupita.”

Swali hilo la mwisho ndilo ambalo kila mwenye mbwa anapaswa kuanza nalo. Mbwa akilamba mguu mmoja tu, mara nyingi kuna kitu mahali pamoja: mwiba, kipande cha chupa, ukucha uliovunjika, kupe aliyejificha kati ya vidole. Akilamba miguu yote, tafuta kinachomwasha kote: viroboto, ngozi inayokataa chakula fulani au kitu anachokanyaga, unyevu unaokaa kati ya vidole wakati wa mvua, au wadudu wa udongo wakati wa kiangazi. Na kama mbwa amebadilika akili, hali, anatoka mate, sauti imegeuka, hapo hakuna kutazama miguu. Mfungie mbali na watu bila kumgusa, mwite mwenye kazi hiyo.

Bobi hakuwa na dalili hizo. Baba alimfunga mdomo kwa kipande cha kitenge, kwa sababu hata mbwa mpole anauma akisikia maumivu. Miguu ikaoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Matope yalipotoka, kila mtu aliona. Chini ya nyama laini za mguu na kati ya vidole kulikuwa na viduara vyeupe, kila kimoja na nukta nyeusi katikati, kama jicho la ndagala.

“Funza,” dokta akasema.

Tanzania wengine wanamwita tekenya, majirani wetu wa Burundi wanasema imvunja. Ni kiroboto kidogo sana, milimita moja tu. Jike anaingia ndani ya ngozi, anabakiza sehemu ya nyuma nje kwa kupumua na kutoa mayai. Ile nukta nyeusi ndiyo sehemu hiyo. Kwa muda wa majuma mawili hivi anavimba mpaka kuwa kama punje ya njegere. Anaangusha mayai kwa mamia, kisha anafia ndani ya ngozi. Mayai yanaangukia mchangani, yanaanguliwa baada ya siku chache, na baada ya majuma matatu au manne kizazi kipya kinatafuta mguu mwingine. Kinapenda udongo mkavu uliolegea. Ndiyo maana kiangazi ni msimu wake.

Mdudu huyu si wa hapa. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Historia inasema kwamba mwaka wa 1872 meli iliyotoka Brazili iliteremsha mchanga wenye funza huko Ambriz, Angola. Mwaka mmoja mbele yake, Novemba 1871, Livingstone na Stanley walikuwa wamefika kwa mashua hapa kaskazini mwa ziwa na kuona kwamba Ruzizi unaingia Tanganyika, hautoki. Hawakukuta funza kwenye mchanga wetu. Lakini kabla karne haijaisha, funza alikuwa amekwisha kuvuka Afrika mpaka Bahari ya Hindi, akibebwa na miguu ya wapagazi, askari na wanyama. Hakuhitaji mchawi kumtuma.

Sasa ndipo jambo lenyewe lilipogeuka. Dokta alimtazama mtoto aliyekuwa ameshika kichwa cha Bobi. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, na mtoto alikuwa amevaa viatu vya kufungwa.

“Na wewe, mwanangu, vua viatu nione.”

Mtoto akainamisha kichwa. Mama akamvua mwenyewe. Kwenye kisigino na pembeni mwa kidole kidogo kulikuwa na macho yale yale ya ndagala. Ndipo ikajulikana kwa nini alikuwa ameacha mpira, na kwa nini alikuwa anachelewa masomo: alitembea polepole, na aliwaambia wenzake kwamba amejikwaa. Aliogopa kuitwa mchafu. Mbwa hakujua kuficha, alilamba mbele ya watu wote. Mtoto alijua.

Bobi alikuwa analala mlangoni mwa jiko, kwenye udongo uliolegea, mahali pale pale watoto wanapokaa jioni kungoja chakula. Funza hachagui kati ya mbwa na mtoto. Katika wilaya ya Bugiri, Uganda, watafiti waliona kwamba nyumba zenye nguruwe na mbwa wenye funza ndizo zilizokuwa na watu wengi wenye funza. Kutibu mtoto na kumwacha mbwa ni kuteka maji kwa kikapu. Kumuua mbwa na kuacha udongo pia, kwa sababu mayai yamekwisha kuanguka.

Dokta aliwatoa funza wa Bobi kwa sindano mpya, akaosha vidonda kwa dawa, akampaka matone ya kuzuia viroboto yanayouzwa kwenye duka la dawa za mifugo. Mtoto alipelekwa kituo cha afya. Hakutolewa kwa pini ya nyumbani, kwa sababu pini chafu inaleta pepopunda, na pini moja kwa watoto watatu inapitisha magonjwa ya damu. Kuna pia mafuta ya dimetikone, yaliyojaribiwa kwa watu huko Kenya, yanayoziba tundu la kupumua la funza mpaka anakufa bila kuchimbwa. Uliza kama yanapatikana kituoni kwenu.

Baba alikuwa na swali moja ambalo wengi wanalo: kwa nini wasimtumbukize mbwa miguu ndani ya petroli au dawa ya shambani, kama wengine wanavyofanya? Jibu ni fupi. Mbwa analamba. Kila unachopaka mguuni kinaishia tumboni. Wanakufa kwa sumu mbwa ambao funza wasingewaua. Na dawa za viroboto za mbwa zenye permetrini zisiwekwe kwa paka, zinamuua.

Kazi kubwa ilibaki kwa nyumba. Udongo wa mlangoni uliolegea ulikwanguliwa na kutupwa mbali. Sakafu ilimwagiwa maji, ikashindiliwa kwa udongo wa mfinyanzi. Kila jioni miguu inaoshwa kwa sabuni na kutazamwa, ya watoto wote na ya Bobi, kwa majuma sita, ili kizazi kinachozaliwa kisipate nafasi. Mtoto ndiye aliyepewa kazi ya kumtazama Bobi, na mama anamtazama mtoto.

Yule mzee wa avenyi alikuja kuona. Alinyamaza, kisha akaomba dokta apite na kwake. Ana mbwa wawili, na wajukuu watano.

Neno kwa wasikilizaji na wasomaji wa Uvira: ukimwona mbwa wako analamba, uliza tangu lini, mguu gani, na kama anakula. Osha, tazama kati ya vidole, kisha tazama miguu ya watoto bila kuwatukana. Mpe mbwa chanjo ya kichaa kila inapofika. Na mtu akiumwa na mbwa yeyote, aoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo.