Kasajiliwa, Mwalimu!

Najua nimepotea kidogo. Test zimetubana, halafu laptop ilikaa kwa fundi wiki nzima. Fundi mwenyewe ni Simba, kwa hiyo kila nikienda kuulizia mashine tunaishia kuongea usajili, narudi hosteli mikono mitupu.

Usajili, usajili, usajili. Ligi ikishaisha, hapa chuo ndiyo inaanza. Chumbani tuko wanne halali na wawili wa kubebwa, na katika hao sita Yanga ni wanne. Usiku wa manane mtu anaamshwa aambiwe fulani kashushwa uwanja wa ndege. Nani kapewa "thank you", nani mkataba wake umebaki miezi sita, nani kaonekana na kiongozi hotelini. Mtu anayeshindwa kukumbuka nadharia ya Piaget anakutajia mwaka aliozaliwa beki wa kati wa timu ya Kongo ambayo hajawahi kuiona ikicheza. Siwasemi wengine, na mimi nimo.

Lakini kuna stori moja ya usajili sijawahi kuiandika hapa. Niliiacha kwa sababu inanihusu na sikukaa vizuri ndani yake. Leo nimeamua.

Ilikuwa Julai 2024. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa kwanza, nikapangiwa TP sekondari moja ya kata kule kwetu Kisorya, wilaya ya Bunda. Kwa wasiokujua, Kisorya ni pale barabara inapoishia majini. Ukitoka Bunda unapita Bulamba, Kibara, mwisho unaliona ziwa na foleni ya kivuko. Ng'ambo ni Rugezi, yaani tayari uko Ukerewe. Basi la Nansio linapanda kivuko na abiria wake, wanaokaanga samaki wanapata riziki yao, maisha yanaendelea. Kwetu kazi ni ziwa. Sangara, sato, na zaidi ya yote dagaa.

Mwezi ule nchi nzima ilikuwa imevurugika. Julai mosi Yanga wakamtambulisha Chama. Chama! Yule aliyekuja Simba 2018, akauzwa RS Berkane 2021, akarudi Januari 2022 tukampokea kama mtoto aliyepotea. Nilikuwa kibanda cha kuchaji simu pale senta, jamaa mmoja wa Yanga akaagiza soda za watu wote, na mimi akanipa, eti "pole mwalimu, kunywa upoe". Nikanywa. Ilikuwa miezi minane tu tangu zile tano za Novemba 2023, mtu wa Simba ungekuwa na jeuri ya kukataa soda? Hatujapoa, tunasikia Kibu Denis hayupo kambini, yuko Norway kwenye majaribio, na mkataba mpya katoka kuusaini juzijuzi.

Sasa katikati ya hayo yote akaja mtu nyumbani kwetu na pikipiki.

Nina mdogo wangu, wakati ule yuko kidato cha tatu. Namba nane, mguu wa kushoto. Sisemi kwa sababu ni damu yangu, dogo anajua. Mwaka ule UMISSETA alichaguliwa timu ya wilaya, akafika mpaka kambi ya mkoa Musoma, kwenye mchujo wa mwisho wakamwacha. Alirudi na tracksuit aliyoivaa siku tisa mfululizo mpaka mama akainyang'anya ifuliwe.

Yule mtu alisema alimwona Musoma. Alisema kuna kituo cha vipaji kinafunguliwa Mwanza, watoto watasoma na kucheza, ada bure kwa watakaofaulu majaribio. Gharama ni fomu, vipimo na jezi ya majaribio. Shilingi laki moja na nusu.

Baba si mjinga, naomba hili lieleweke. Aliamini kwa sababu vitu vya namna hiyo vipo kweli. Enzi zao walisikia habari za Makongo, sekondari ya jeshi kule Dar, jinsi ilivyokuwa inachukua watoto wenye vipaji kila kona ya nchi. Mwanza ipo Alliance, shule na akademi pamoja, timu yao ilicheza Ligi Kuu kuanzia msimu wa 2018/19 mpaka iliposhuka 2020. (Yule mtu hakuwa wa Alliance na wala hakusema hivyo, msije mkanielewa vibaya.) Na Biashara United ya hapahapa Mara si tuliiona? Ilipanda 2018, msimu wa 2020/21 ikamaliza ya nne, ikaenda Kombe la Shirikisho Afrika, ikawafunga Al Ahli Tripoli mbili bila pale kwa Mkapa. Marudiano Libya timu haikusafiri, ikatolewa bila kucheza, na 2022 ikashuka daraja. Baba akiisimulia hiyo hadi leo anaishia "mbili bila". Ya Libya haitaji.

Basi jioni ile akaniita nje. "Mwanangu, wewe ndiye uko chuo. Unaonaje?"

Hapa ndipo penye kosa langu. Ningemuuliza yule mtu kituo kimesajiliwa wapi, anwani iko wapi, shule gani watasoma, nani mkuu wa shule. Ni maswali ambayo tumefundishwa kuuliza, nina notisi zake kabisa. Badala yake mimi kichwa kilikuwa kimejaa Chama. Nikaanza kuongea kama wakala! Nikamwambia yule bwana kwamba dogo ni mali, kwamba tunataka kujua akiuzwa huko mbele familia inapata nini. Nikamweleza habari ya FIFA, kwamba mchezaji akiuzwa kimataifa kabla mkataba wake haujaisha asilimia 5 ya ada inagawiwa kwa klabu zilizomlea tangu akiwa na miaka 12 mpaka 23. Yule mtu alitikisa kichwa tu, akasema "mwalimu uko vizuri". Nilifurahi sana kuambiwa niko vizuri. Wala sikukumbuka kwamba asilimia hiyo ni ya klabu zilizosajiliwa, si ya baba mwenye mtumbwi mmoja.

Baba alitoa elfu themanini, pesa aliyokuwa ameiweka ya nyavu. Mimi nikatoa elfu sabini kwenye pesa ya TP kutoka Bodi ya Mikopo.

Dogo alienda Mwanza, akalala kwa shangazi. Alitusimulia kwamba walikuwa watoto wengi mno, pengine mia, kwenye uwanja wa vumbi. Walipewa vizibao wabadilishane, jezi hakuna. Kila kundi dakika ishirini. Yeye aligusa mpira mara nne, alizihesabu. Wakaambiwa mtapigiwa simu.

Nadhani mmeshaelewa. Wiki ya kwanza simu inaita haipokelewi. Wiki ya pili haipatikani.

Nyumbani hakuna aliyemlaumu mtu. Ingekuwa afadhali tungegombana. Baba alirudi kushona nyavu zilezile za zamani, mimi nikajifanya nina lesson plan nyingi. Dogo alikuwa kimya, jioni anaaga anakwenda kujisomea kwa wenzake. Nikasema afadhali, amehamishia hasira kwenye kitabu.

Siku moja mama ananiambia, "Asante mwanangu kwa ile elfu hamsini, baba yako kanunulia nyuzi." Elfu hamsini ipi? Nikadhani kachanganya na pesa ya sukari niliyompa. Nikaitikia tu. Sifa ya bure nani anaikataa.

Kesho yake nina kipindi cha Historia, kidato cha tatu B, darasa la dogo. Naita mahudhurio. Nikafika kwenye jina lake, kimya. Nikarudia. Kimya. Halafu sauti kutoka nyuma:

"Kasajiliwa, mwalimu!"

Darasa zima likaangua kicheko. Na mimi nikacheka, nikidhani ni utani wa Mwanza umewafikia. Nikauliza kasajiliwa na nani. Wakanitajia jina la tajiri mmoja wa mitumbwi ya dagaa pale mwaloni. Kicheko changu kilikatika peke yake, wao bado wanaendelea. Nikaweka alama ya mtoro. Kisha nikafundisha mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, mabara na mipaka, sijui hata nilisema nini.

Alfajiri iliyofuata nilishuka ziwani. Anayejua dagaa anajua ile saa. Mitumbwi inarudi na taa zake, kina mama wanasubiri na madishi na ndoo, bei inapangwa kwa kelele. Dogo alikuwa anashusha. Suruali imekunjwa mpaka magotini, ile tracksuit ya wilaya ndiyo aliyovaa juu, imejaa magamba. Aliniona, akaendelea kushusha.

Nikamsubiri amalize. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, bila kunitazama, "Ile themanini ya baba nitairudisha. Nimeshatoa hamsini. Nimwambie mama imetoka wapi? Nikasema umetoa wewe."

Sikuwa na neno, wadau. Nilikwenda kwa tajiri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Umekuja kununua mboga?"

Nikamweleza kwamba yule ni mwanafunzi wangu na ni mdogo wangu. Alinisikiliza vizuri tu, hakuwa mtu mbaya. Akasema, "Mwalimu, mimi na shule hatuna ugomvi. Lakini kijana amekula pesa yangu. Nimempa hamsini mkononi, giza lenyewe ndiyo kwanza limeanza." (Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, taa ndiyo inawaita. Mwezi ukiwa mkubwa watu wanapumzika. Kwa hiyo mkataba wao unahesabiwa kwa giza, hauna karatasi.)

Nikamwambia hakuna mkataba na mwanafunzi. Akaniambia basi nirudishe pesa yake yote nimchukue. Na hapo, Mungu anisamehe, kitu nilichokumbuka ni Fei Toto. Desemba 2022, milioni 112 anazirudisha Yanga anasema navunja mkataba, TFF wanasema bado wewe ni wa Yanga, nchi nzima tunabishana na ugali na sukari, mpaka Juni 2023 anaondoka kwenda Azam. Nilibishana kesi ile chumbani miezi sita. Nilikuwa upande wa klabu, Simba mzima mimi natetea Yanga, eti mkataba ni mkataba. Sasa nimesimama kwenye mchanga unaonuka dagaa nambembeleza mzee wa watu amwachie mtoto aende kusoma.

Tulipiga hesabu. Dogo alikuwa ameshafanya kazi usiku wa kutosha kufuta elfu kumi na tano. Ilibaki thelathini na tano. Nilimpa palepale, ndiyo ilikuwa nauli yangu ya kurudi Dar. Tajiri akazihesabu, akamwita dogo, akampa mfuko wa dagaa wa mboga na kumwambia, "Nenda na mwalimu wako."

Njia nzima kurudi nyumbani alitembea mbele yangu. Jumatatu alikuwa darasani, kiti cha mwisho. Nilipoita jina lake akaitikia "nipo", sauti ya mtu anayelipa faini. Baba mpaka leo hajui. Mama nadhani anajua, maana siku ile aliupokea ule mfuko wa dagaa na hakuuliza tumeununua bei gani.

Kitu kimoja kilinisumbua kuliko pesa. Mwezi ulipokuwa mkubwa, wavuvi wakiwa nchi kavu, vijana walicheza na timu kutoka ng'ambo, Rugezi. Wakamfuata dogo nyumbani, alikuwa amekaa nje anachambua maharage na mama. Akasema mguu unamuuma. Mguu haukuwa unamuuma. Tulisikia kelele za goli kutoka uwanjani, mara mbili, tukawa tunajifanya hatusikii.

Nauli nilikopeshwa na mwalimu mmoja wa pale shuleni, nikamrudishia boom ilipotoka.

Tangu hapo tunaongea kwa simu, mimi na dogo. Tunaongea nini? Usajili. Yeye Yanga, mimi Simba. Ananicheka, namcheka. Chama alipoachana na Yanga nilimpigia nusu saa nzima. Ya Mwanza hatujawahi kuigusa, wala ya mwaloni.

Juzi usiku jamaa wamewasha mjadala chumbani, simu yangu ikaita mlio wa meseji. M-Pesa. Umepokea shilingi 35,000, jina la dogo. Nikatoka nje kwenye korido nikampigia. Nikamuuliza hii nini. Akasema, "Ada ya uhamisho, kaka. Ulinilipia." Akacheka. Nikamuuliza umeipata wapi. Akasema, "Kwani mmemsajili nani mwaka huu?"

Nikauliza tena umeipata wapi. Nyuma yake nilikuwa nasikia upepo, na kama injini ya mtumbwi, sina hakika. Akasema salio linaisha. Simu niliyopiga ni mimi.

Nimeangalia kalenda. Juzi ilikuwa giza.

Pesa ipo kwenye simu, sijaitoa. Jamaa wa kitanda cha juu ananiita nije kutazama utambulisho.