Mibuyu ya Bonde la Ruaha

Ukisafiri kutoka Mikumi kwenda Iringa, kabla ya kupanda mlima wa Kitonga utapita bonde la Mto Ruaha, lenye joto kali na mibuyu tele. Kijiji kimoja huko chaitwa Ruaha Mbuyuni.

Miti hii haikupandwa na mtu, lakini hulisha wengi. Unga wa ubuyu una vitamini C nyingi kupita chungwa, na viini vinavyosaidia mwili. Mbegu zake hukamuliwa mafuta ya kulainisha ngozi.

Lakini sikia, mzazi mwenye mtoto wa ualbino: mafuta hayo si kinga. Ukimpaka hayo tu na kumpeleka shambani, jua litamchoma, na mwisho wake waweza kuwa saratani. Mvike kofia pana na mikono mirefu. Uliza hospitalini mafuta maalum ya kukinga jua. KCMC kule Moshi wamepata kuyatengeneza.

Ubuyu na ale, ni chakula chema. Ila asitegemee hata kivuli cha mbuyu, maana wakati wa kiangazi hupukutisha majani yote.