Likizo ya pwani na mabati ya bibi: vyote vinaweza kupangwa

WAZAZI wengi wa Afrika Mashariki wanaolea watoto Uingereza wanalijua swali hili. Shule zinapokaribia kufungwa, mtoto anauliza: "Na sisi tutakwenda wapi?" Wenzake darasani wanataja miji ya pwani. Mzazi anajibu "tutaona", na jibu hilo hurudiwa mwaka hadi mwaka.

Familia moja kutoka Tanga, inayoishi Birmingham, ililijibu hivyo kwa miaka minne. Baba anaendesha teksi usiku. Mama anafanya kazi ya zamu katika makao ya wazee. Watoto ni watatu, na mkubwa ana miaka 14. Ilipofika Januari mama akasema mwaka huu hakuna "tutaona": watakwenda Blackpool, siku tatu, wote watano.

Mume hakukataa safari. Alichouliza ni kimoja tu: "Mama watoto, nitamwambia nini mama yangu? Kwamba pesa ya mabati tumeipandia mabembea?"

Swali hilo ndilo zito. Kwa familia za ughaibuni, likizo haishindani na gari jipya wala televisheni kubwa. Inashindana na nyumbani: karo ya mdogo wako, dawa za mzee, paa linalovuja. Wapo wazazi wanaokwenda wakificha picha, na wapo wasiokwenda kabisa, huku watoto wakikua bila kumbukumbu ya baba aliyeamka mchana akacheza nao.

Mji wa wafanyakazi

Lakini Blackpool yenyewe haikukuzwa na matajiri. Reli ilifika huko mwaka 1846, na waliojaza treni walikuwa wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Lancashire. Kila mji wa viwanda ulikuwa na wiki yake ya kufunga mashine, na watu wakahamia pwani kwa maelfu, majirani na majirani.

Kwa muda mrefu wiki hiyo haikuwa na mshahara. Sheria ya likizo yenye malipo ilikuja mwaka 1938. Kabla ya hapo watu walichanga kidogo kidogo kila wiki katika vikundi vya akiba kiwandani, wakagawana fedha siku ya kuondoka. Mtanzania angekiita kikoba, Mkenya angekiita chama.

Mama huyu alifanya vivyo hivyo. Alinunua daftari, akaandika pauni 15 kila wiki kwa wiki 40, jumla pauni 600, safari ikiwa wiki ya likizo fupi ya Oktoba. Ukurasa wa pili ulikuwa wa mabati. Kisha mume akampigia mama yake simu na kumweleza yote bila kuficha. Bibi alinyamaza kidogo, halafu akasema: "Nitumieni nusu kabla ya masika, nusu mkisharudi. Ila msije mkaniambia hamna, nami nimeona picha."

Halikuwa jibu tamu, lakini lilikuwa jibu la wazi, na ahadi sasa ilikuwa na tarehe.

Hesabu zenyewe

Kwanza ni wakati. Wapo wanaoshawishika kuwatoa watoto shuleni katikati ya muhula kwa sababu vyumba huwa na nafuu. England, mtoto akikosa siku tano bila ruhusa, faini ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, na hupanda hadi pauni 160 isipolipwa ndani ya siku 21. Kwa wazazi wawili na watoto watatu, hiyo ni pauni 480 kwa kuanzia. Nafuu yote imekwisha hapo.

Pili ni nauli. Kadi ya treni ya familia hupunguza theluthi moja kwa watu wazima na asilimia 60 kwa watoto wa miaka 5 hadi 15. Kutoka Birmingham kwa kawaida mtu hubadilisha treni Preston, kwa hiyo mizigo iwe michache.

Tatu ni vitu vya bure. Mama alichagua Oktoba kwa sababu ya taa. Kuanzia mwishoni mwa Agosti, barabara ya ufukweni hupambwa kwa taa za rangi kwa takriban kilomita 10, na kuzitazama hakuna kiingilio. Oktoba giza huingia mapema, hivyo hata mtoto mdogo huziona kabla ya kulala. Mnara wa Blackpool, uliofunguliwa mwaka 1894 na wenye urefu wa mita 158, ni wa kulipia ukitaka kupanda, lakini ukiwa chini huulipii kitu.

Mkubwa aliomba siku moja ya mabembea makubwa. Alipewa siku moja, na tiketi zikakatwa mapema. Mdogo aliahidiwa kupanda punda mchangani, lakini si Ijumaa: kwa kanuni za mji huo, punda wa ufukweni hupumzika siku hiyo.

Yapo pia ya kuambiana mapema. Bahari ile si ya Tanga. Upepo ni mkali, na maji ni baridi hata wakati wa kiangazi, sembuse Oktoba. Koti ni muhimu kuliko nguo ya kuogelea. Na familia inayokula halali iulize kabla ya kununua chipsi, kwani kaskazini mwa England baadhi ya maduka hukaangia mafuta ya ng'ombe.

Mzazi, kama nawe umekwama kwenye "tutaona", anza na daftari, na waite watoto walione. Wakijua pauni 15 ni saa ngapi za zamu ya mama, wataomba kwa kipimo. Mpe na bibi tarehe yake, uitimize. Paa la Tanga litapata mabati yake, hata kwa mafungu mawili. Mtoto wa miaka 14 hana mafungu: baada ya miaka minne atakuwa mtu mzima, na likizo atakwenda na rafiki zake.