Drili ya wanaume? Thubutu!

Wiki jana mwenzenu nilimsindikiza kaka yangu, fundi bodi, kwenda Kariakoo kununua drili ya upepo. Hela ilikuwa ya mchezo niliopokea mimi, zamu yangu ya mwaka mzima, kwa hiyo macho kodo!

Muuzaji, maneno matamu kama halua, akatushikisha ya nusu inchi. "Hii ndiyo ya wanaume, dada'ngu!" Kaka wala hakujibu. Akageuza boksi, akasoma inakula upepo kiasi gani kwa dakika. Drili hizi nyingi zinataka presha ya psi 90 muda wote zinapozunguka, na kompresa yetu pale gereji tangi lake ni la lita 50 tu. Ukiifunga jitu lile, unatoboa matundu mawili halafu mnapiga stori mkingoja tangi lijae, mteja ananuna. Akachukua ndogo, ya biti za hadi milimita 10, inayozunguka mbele na nyuma, ili biti ikinasa kwenye bati uichomoe.

Ya umeme aliikataa mapema. Anafanyia kazi uwanjani, mvua ikinyesha maji yanatuama mpaka chini ya gari, apigwe shoti bure?

Chenji ikaishia kwenye chujio la maji na kichupa cha oili, maana kila asubuhi drili hiyo lazima idondoshewe matone kadhaa pale upepo unapoingilia. Nauli? Nikalipa mimi tena.