Mita 1,900 za kumweleza mama

Wiki tatu sijaandika kitu hapa, na baadhi yenu mmeniuliza kama nimefungiwa au nimefunga ndoa kimya kimya. Hapana jamani. Nafanya mazoezi.

Nimeamua kujiandaa kwa triathloni ya masafa marefu. Kwa wasioujua mchezo huu, ni michezo mitatu ndani ya mmoja: unaogelea, unatoka majini unapanda baiskeli, unashuka unakimbia, na saa inahesabu hata pale unapofunga kamba za viatu. Ile ndefu kabisa, Ironman, ilianzia Hawaii mwaka 1978. Waliingia watu 15, wakamaliza 12. Umbali wake ni kilomita 3.8 za kuogelea, 180 za baiskeli na marathoni nzima ya kilomita 42.2. Mimi sijachanganyikiwa kiasi hicho. Natafuta nusu yake: 1.9, 90 na 21.1. Nusu hiyo ilifika Afrika Mashariki Agosti 2022, Rubavu nchini Rwanda, watu wakaogelea Ziwa Kivu. Tangu niisome habari ile sijatulia. Mungu akijalia, nami nitaingia ziwa lile.

Kukimbia hakunipi shida sana. Nilishamaliza nusu marathoni Moshi, nikakipanda kile kilima huku nikijuta kuzaliwa, lakini nikafika. Baiskeli nayo ni uvumilivu tu, na roho ngumu. Jumamosi natoka saa kumi na moja alfajiri kuelekea Bagamoyo, kabla malori hayajawa mengi, maana lori likikupita kwa kasi upepo wake unakusukuma hadi kwenye mchanga. Mfukoni nina ndizi na tende. Kwenye chupa nina maji, sukari na chumvi kidogo, karibu sawa na yale anayopewa mtoto anayeharisha. Joto la Dar linamkamua mtu chumvi yote. Nikirudi naegesha baiskeli na kukimbia kilomita tano hapo hapo, ili miguu izoee. Kilomita ya kwanza huwa nahisi nimeazimwa miguu ya mtu mwingine.

Sasa tuje kwenye maji. Kwa hesabu, kuogelea ndiyo sehemu fupi kuliko zote: kilomita 1.9 kati ya 113. Kwangu ndiyo ndefu kuliko zote.

Nimekulia Mwanza. Dirishani kwetu unaliona ziwa, lakini nimefika utu uzima bila kujua kuogelea. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama ikikaribia Mwanza na kuua mamia ya watu, mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa ndani. Hakupatikana. Kuanzia hapo sheria ya nyumbani ikawa moja: ziwa ni la kutupa samaki, si la kuingia. Watoto wa jirani walikwenda kuoga ziwani, sisi tukawalindia nguo. Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara na kuua zaidi ya watu 200, mama alinipigia simu chuoni. Alisema neno moja tu, "Umesikia?" kisha akakata.

Kwa hiyo nilianza kujifunza nikiwa na miaka 27, kwenye bwawa, pamoja na watoto wa miaka sita ambao walinizidi wote. Somo la kwanza lilikuwa kupuliza mapovu. Nilidhani ni mchezo wa watoto, kumbe ndiyo siri yenyewe. Mtu mwoga hubana pumzi. Akiinua kichwa apate hewa, kifua bado kimejaa ile ya zamani, basi anatapatapa. Kocha alinirudishia hadi nikaota usiku: toa pumzi ndani ya maji, vuta nje. Mwezi wa kwanza sikumaliza mita 25 bila kusimama. Mwezi wa tatu nilifika 400. Sasa naogelea 1,500, yaani urefu wa bwawa letu mara 60.

Bahari ni habari nyingine. Pale Coco Beach tunaingia maji yakiwa yamejaa, kamwe si mtu peke yake, na kila mmoja anavuta boya lake. Hakuna ukuta wa kushika wala mstari chini wa kukuongoza. Kila baada ya mikono kadhaa lazima uinue macho uone unaelekea wapi. Hofu ikinishika, maana bado hunishika, nageuka chali, naangalia mawingu, napumua hadi moyo utulie. Halafu naendelea.

Jambo lililobaki lilikuwa kumwambia mama. Nilikwenda Mwanza, nikamwambia tukiwa tunachambua dagaa.

"Hata waliojua kuogelea walikufa siku ile," alisema.

Sikumbishia, kwa sababu ni kweli. Meli ilipinduka na watu ndani. Mimi ni mwandishi, habari zile nimezisoma zote, na hakuna mazoezi ya bwawani yanayozijibu. Nilimwambia tu kwamba nimechoka kuogopa kitu ninachokiona kila nikifungua dirisha la nyumbani.

Akachambua dagaa kwa muda. Kisha akauliza, "Ni mbali kiasi gani?"

"Mita 1,900."

"Kama kutoka hapa mpaka wapi?"

Nikapiga hesabu. "Mpaka sokoni, halafu urudi hadi pale kwenye mashine ya kusaga."

Alinyamaza, nadhani alikuwa anaitembea ile njia kichwani. "Basi siku hiyo ukitoka majini unipigie."

"Mama, nikitoka majini ndiyo kwanza napanda baiskeli."

"Baiskeli itakusubiri."

Kwa hiyo, wasomaji wangu, natafuta mtu wa kusimama ufukweni na simu na kumpigia mama akiniona nimetoka. Nauli tutachangiana. Tuombeane.