Usiku Mpwa Wangu Alibweka

Wasee, hii stori imenikaa rohoni tangu Julai. Wacha niitoe, kwa sababu najua kuna mmoja wenu ataihitaji usiku fulani.

Naishi na sistangu Umoja, ghorofa ya tatu. Yeye hufanya shifti ya usiku kiwandani, siku nne kwa wiki. Mimi hutengeneza video zangu mchana, halafu usiku nabaki na mtoto wake. Kijana ana mwaka mmoja na miezi minane. Huniita "Ako" kwa sababu "Anko" bado ni neno refu kwake. Kazi yenyewe si ngumu: uji, nepi, katuni mbili, kulala. Nilikuwa nimeifanya miezi sita bila shida na nikaanza kujiona fundi.

Siku hiyo alikuwa na mafua tu. Kamasi, joto kidogo, sauti imekwaruza. Sistangu akasimama mlangoni na mkoba wake, akaniuliza, "Utaweza?" Nikamjibu, "Enda kazi, niko sawa."

Hilo "niko sawa" ndilo lililotaka kutumaliza.

Saa saba usiku niliamshwa na mbwa. Aki ya nani, nilidhani ni mbwa ameingia kwa korido. Kumbe ni mtoto. Alikuwa amekaa kitandani gizani, anakohoa, na kila kikohozi kilikuwa kinabweka: kikavu, kizito, sauti ambayo haikufaa kutoka kwa mtu mdogo hivyo. Halafu akavuta pumzi, na hewa ikaingia na mlio mkali, kama mlango wenye kutu unafunguliwa polepole. Akaniangalia. Macho yake yalikuwa makubwa na alikuwa anaogopa.

Sasa hapa ndipo nilikosea, na nitaisema venye ilivyokuwa.

Kwanza niliwasha meko nikachemsha maji. Nyumbani kwetu, mtu akiwa na kifua anafukizwa: sufuria, blanketi juu ya kichwa, vuta mvuke. Nikamfunika. Akapiga kelele, akarusha mikono, na sufuria ikayumba. Maji yalimwagika sakafuni karibu kabisa na mguu wake. Bado nikifunga macho naona yale maji. Na kadiri alivyolia, ndivyo ule mlio ulizidi.

Pili, nilishika simu nikaanza kutafuta majibu kwa mkono mmoja. Mtu mmoja anasema asali, mwingine kitunguu, mwingine anasema mtoto atakufa. Nilisoma yote na sikufanya lolote.

Tatu, na hili ndilo linaniuma, sikumpigia sistangu. Kazini simu zao hufungiwa, lakini nilikuwa na namba ya supavaiza wake. Aliniachia kwa sababu kama hii. Nikaona nikipiga ataacha kazi akimbie, na alikuwa ameshapewa onyo moja kwa kuondoka mapema. Ukweli mwingine ni kwamba niliona aibu. Nilikuwa nimesema niko sawa. Dakika arobaini zikapita hivyo.

Halafu taa ya simu ikaangukia kifua chake. Kila akivuta pumzi, pale chini ya shingo, juu tu ya mfupa wa kifua, ngozi ilikuwa inabonyea ndani. Mbavu nazo zinaonekana moja moja. Hakuna mtu aliwahi kunifunza chochote kuhusu watoto, lakini mwili wangu ulijua hiyo si kawaida.

Nikatoka mbio nikagonga mlango wa Shosh.

Shosh si nyanya yangu wa damu. Ni jirani wa mlango wa tatu, na ploti nzima humwita hivyo. Alifungua akiwa na leso kichwani, akamsikiliza mtoto mara moja tu, akampokea. Akaketi kwa ngazi, akamkalisha wima mapajani, mgongo wa mtoto kwa kifua chake, akaanza kumnong'oneza. Mimi nikawa naenda na kurudi kama kuku.

"Kijana wangu," akaniambia, "wacha kukimbia-kimbia. Mtoto anakuangalia wewe. Vaa viatu. Leta kitabu chake cha kliniki. Huyu nimemshika."

Hakuwa na dawa yoyote. Alikaa tu akiwa ametulia, na mtoto naye akaanza kutulia, na ule mlio ukapungua kidogo. Soja akafungua geti na kumwamsha jamaa wa teksi ambaye hulala ndani ya gari lake pale stejini. Nikapanda na mtoto mapajani, Shosh akampa blanketi mabegani, dirisha likabaki wazi kidogo kwa sababu kila nikilifunga kijana alikuwa analia.

Tulipofika hospitali, alikuwa anapumua vizuri zaidi. Tulipoitwa, alikuwa anachezea kamba ya jaketi yangu. Nikaona sasa nitaonekana mwongo.

"Mama yake yuko wapi?" daktari akauliza.

"Kazini. Mimi ni anko wake."

Nilitarajia anigombeze. Alitikisa kichwa tu, akasema watoto wengi wa hivi hufika wakiwa nafuu kwa sababu ya hewa baridi ya njiani. Hakumlaza chini na hakumfungua mdomo kwa nguvu. Alimwacha palepale mapajani mwangu, akamsikiliza, akamwekea kidoleni kile kifaa cha kupima oksijeni. Kijana akakohoa mara moja, na daktari akasema, "Krupu."

Alinieleza hivi. Krupu huletwa na virusi, mara nyingi vilevile vinavyoleta mafua ya kawaida. Kwa watoto wa kati ya miezi sita na miaka mitatu hivi, vinaweza kufanya sehemu ya chini ya sanduku la sauti na juu ya bomba la hewa ivimbe. Mimi na wewe tukivimba hapo, sauti inakwaruza tu. Bomba la mtoto ni jembamba sana, kwa hivyo uvimbe kidogo unaziba sehemu kubwa ya njia. Ndiyo maana kikohozi kinabweka na pumzi inapiga mlio. Usiku huwa mbaya zaidi. Na mtoto akilia, anavuta hewa kwa nguvu, na njia inazidi kubana.

Kwa hivyo Shosh, ambaye hajawahi kusikia neno krupu, alikuwa amefanya kitu cha kwanza ambacho daktari angefanya.

Baadaye nilisoma zaidi. Mvuke tulioupenda miaka yote umepimwa. Mwaka 2006 madaktari wa Toronto walitoa ripoti ya watoto 140 wenye krupu waliopewa hewa yenye unyevu hospitalini, na haikuleta tofauti. Maji ya moto yenyewe, kwa upande mwingine, yanaunguza watoto kila siku. Na hewa baridi? Mwaka 2023 madaktari wa Geneva walichapisha utafiti wa watoto 118. Wale waliokaa nje kwenye baridi kwa nusu saa walipata nafuu haraka kuliko waliobaki ndani, zaidi wale ambao hali yao ilikuwa ya wastani. Wote walipewa dawa, lakini. Julai ya Nairobi haifikii baridi ya Uswisi, ila pale dirishani mwa teksi nilijionea.

Dawa yenyewe inaitwa deksamethasoni. Ni ya kupunguza uvimbe, hupimwa kwa uzito wa mtoto, na mara nyingi dozi moja tu ya kunywa inatosha. Ni daktari anayeitoa, si wewe na mtu wa duka la dawa. Watoto wakibanwa sana huongezewa adrenalini ya kuvuta kwa mashine na wanaangaliwa masaa kadhaa. Antibiotiki haziui virusi, kwa hivyo hazisaidii krupu ya kawaida. Dawa za kikohozi za dukani pia hapana.

Daktari aliomba kile kitabu cha kliniki, na mimi nikajiuliza cha nini. Alikuwa anatafuta chanjo za wiki ya 6, 10 na 14. Zinakinga dondakoo, na pia bakteria wa Hib anayeweza kuvimbisha kifuniko cha koo. Hayo mawili yanaweza kuziba pumzi vibaya kuliko krupu. Kurasa zote zilikuwa zimepigwa mhuri. Sistangu hakuwahi kukosa kliniki hata moja. Nilimheshimu upya palepale kwa benchi.

Kesho yake jamaa mmoja wa ocha akatuma ujumbe wa sauti: mtoto akatwe kimeo. Kale kanyama kanakoning'inia nyuma ya koo. Wasee, hapana. Krupu iko chini kabisa, kimeo hakihusiki, na kuna watoto wametoka damu na kupata maambukizi kwa sababu ya huo wembe.

Sistangu alifika hospitali alfajiri. Nilikuwa nimempigia supavaiza hatimaye, nikiwa kwa foleni. Alimbeba mtoto, akamnusa kichwa, akanyamaza muda mrefu. Hakukasirika kuhusu mvuke. Hakukasirika hata kuhusu sufuria. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Kwani ungeniacha nijue asubuhi?"

Sikuwa na jibu.

Ndiyo maana naandika. Katika hizi nyumba zetu, watu wengi wanaokesha na watoto ni sisi: anko, aunty, kaka mkubwa aliyemaliza kidato cha nne juzi. Tunaachiwa mtoto, uji na funguo. Hatuachiwi maarifa, na sisi wenyewe hatuulizi kwa sababu tunataka kuonekana tunaweza. Wanaume zaidi. Tunadhani kuita mtu ni kushindwa.

Basi shika haya. Mtoto akibweka usiku, mkalishe wima, mbebe, punguza sauti yako kwanza. Mpe maji kidogo kidogo akitaka. Mfunike vizuri umtoe kwenye hewa baridi. Usimweke karibu na maji ya moto, usiwashe jiko la makaa ndani, usimtie kijiko kooni.

Usisubiri hata dakika moja, nenda hospitali, ikiwa ule mlio unasikika hata akiwa ametulia, ngozi ya shingo au mbavu inabonyea, midomo inageuka rangi, udenda unamtoka na hawezi kumeza, au amelegea na haamki vizuri. Na kama hakuwa na mafua kabisa, ameanza ghafla akicheza, huenda amemeza kitu. Nenda vilevile. Usiogope kwa sababu ya pesa. Mimi nilikuwa na shilingi 600 kwa simu. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 43, inasema mtu hawezi kunyimwa matibabu ya dharura.

Daktari alituonya kwamba usiku wa pili kikohozi kinaweza kurudi, na kikarudi. Sistangu alikuwa na shifti tena. Safari hii namba ya supavaiza ilikuwa imebandikwa mlangoni, kitabu cha kliniki juu ya meza, na Shosh ameambiwa mapema. Nilimfunga kijana kwa blanketi nikakaa naye kwa ngazi, polepole, bila kusema mengi. Alikohoa mara tatu, hakukuwa na mlio. Nikampigia sistangu kupitia kwa supavaiza nikamwambia amekohoa, anapumua vizuri, tuko nje.

"Sawa," akasema. "Asante kwa kunipigia."

Kijana akalala begani mwangu kabla sijakata simu.

Leo jioni, kabla hawajatoka kwenda kazi, ulizeni kitabu cha kliniki kiko wapi.