Mwenye Timu na Mwenye Kuipenda

Mtu huchagua rafiki, huchagua kazi, hata mke humchagua kama bahati yamwelekea. Bali timu ya kupenda aghalabu hachagui. Huipata kama apatavyo lugha, kwa kuwa ndiyo aliyoikuta ikisemwa nyumbani. Mtu ambaye habari zake zaelezwa hapa aliipata yake mwaka 1968, alipokuwa na umri wa miaka 9, katika mji wa Oakland, ng'ambo ya ghuba ya San Francisco nchini Marekani. Baba yake, mfanyakazi wa bandarini, alimshika mkono akampeleka uwanja wa Coliseum kutazama besiboli. Timu iliyocheza iliitwa Athletics, nayo ilikuwa imehamia pale mwaka uleule kutoka Kansas City. Mtoto aliona majani mabichi chini ya taa kali, akasikia kishindo cha rungu juu ya mpira, akawa mateka. Hakuuliza timu ile ilikuwa mali ya nani. Wala hakuna aliyemwambia kuwa furaha yake ya usiku ule ilikuwa msiba wa mtoto mwingine aliyeachwa Kansas City.

Besiboli ni mchezo wa uvumilivu. Mrushaji husimama juu ya kichuguu cha udongo, hurusha mpira mdogo mgumu kwa nguvu na hila. Mpigaji hungoja na rungu lake mkononi. Na katika kungoja huko mna nafasi ya kutosha ya kula karanga, kubishana na mtu wa kiti cha pili na kuwaza kodi ya nyumba. Kila timu hucheza mara 162 kwa msimu mmoja, tangu mwisho wa Machi hata mwisho wa Septemba, karibu kila siku. Kwa sababu hiyo wachezaji si mashujaa wa mbali kwa mshabiki, ni majirani. Huyu hujikuna sikio kabla ya kupiga, yule goti lamsumbua baridi ikizidi. Siku mmoja wao atolewapo kwa kubadilishwa na vijana watatu au wanne ambao majina yao hayajasikika, jambo hilo halifanani na habari ya biashara. Lafanana na kuamka asubuhi na kuona nyumba ya jirani tupu, mlango wake umetiwa kufuli jipya.

Klabu aliyoipenda ilikuwa na desturi hiyo tangu zamani. Ilianza Philadelphia mwaka 1901, ikatawaliwa na Connie Mack kwa muda wa miaka 50. Mack alijenga timu kuu mara mbili, na mara mbili aliivunja kwa mkono wake mwenyewe: baada ya msimu wa 1914, na tena katika miaka ya mwanzo ya 1930, fedha zilipopungua, akauza wachezaji bora mmoja baada ya mmoja. Mwaka 1955 klabu ilihamia Kansas City. Huko ilikuwa kama shamba la mtu mwingine, maana kila tunda lililoiva lilipelekwa New York kwa Yankees. Roger Maris alipelekwa hivyo Desemba 1959. Mwaka 1961 alivusha mpira nje ya ukuta mara 61, akaipita hesabu ya Babe Ruth ya mara 60 iliyokuwa imesimama tangu 1927. Watu wa Kansas City waliyasoma hayo katika magazeti.

Mwenye timu wakati ilipofika Oakland alikuwa Charles Finley, tajiri wa biashara ya bima. Alikuwa mtu wa vituko. Mwaka 1972 aliwapa wachezaji wake dola 300 kila mmoja ili wafuge masharubu, wakafuga. Na wakiwa na masharubu yao walitwaa ubingwa wa dunia (ndivyo Wamarekani wauitavyo, ijapokuwa dunia yenyewe haikualikwa) miaka mitatu mfululizo, 1972, 1973 na 1974. Kijana wetu alikuwa na miaka 13, 14 na 15. Hakuna umri bora wa kushinda, wala hakuna mbaya zaidi, kwa maana mtu wa umri huo hudhani kuwa hivyo ndivyo maisha yatakavyokuwa.

Kisha nyumba ilianza kubomolewa. Catfish Hunter alipata uhuru wake mwisho wa 1974, kwa sababu Finley hakulitimiza sharti moja la malipo katika mkataba wake. Reggie Jackson alibadilishwa Aprili 1976. Tarehe 15 Juni mwaka huohuo Finley aliwauza Joe Rudi na Rollie Fingers kwa Boston, dola 1,000,000 kila mmoja, na Vida Blue kwa New York, dola 1,500,000. Siku tatu baadaye kamishna wa mchezo, Bowie Kuhn, aliibatilisha biashara hiyo akisema kuwa yaudhuru mchezo. Kijana alimshukuru Kuhn kwa moyo wake wote, na shukrani hiyo ilidumu hata msimu ulipokwisha. Rudi na Fingers walikwenda zao wakiwa huru, pamoja na Bando, Campaneris na Tenace, na Oakland haikupata hata senti. Mwaka 1977 timu ilikuwa ya mwisho katika kundi lake. Tarehe 17 Aprili 1979 watazamaji walihesabiwa 653 katika uwanja ambao waweza kuchukua watu zaidi ya 40,000. Mtu wetu asema alikuwa mmoja wa hao 653. Yamkini ni kweli. Lakini watu wasemao kuwa walikuwapo siku ile sasa wamekuwa wengi kuliko viti.

Twaa habari nyingine uipime na hiyo. Mwaka 1980 Finley aliiuza klabu kwa Walter Haas, wa jamaa yenye kampuni ya suruali za Levi's. Haas aliwalipa wachezaji, akauremba uwanja, akawafanya watu wa mji wajione kuwa wenyeji na si wageni. Mwaka 1989 timu ilitwaa ubingwa kwa kuishinda San Francisco mara nne bila kushindwa, katika mashindano yaliyokatizwa na tetemeko la ardhi la tarehe 17 Oktoba. Na mwaka 1990 watazamaji karibu 2,900,000 waliingia katika uwanja uleule uliokuwa mtupu miaka kumi na moja nyuma. Mji ulikuwa uleule, viti vilevile, barabara ileile. Kwa hiyo wasemao kwamba watu wa Oakland hawapendi besiboli wana deni la kueleza watu hao walitoka wapi.

Hata hapa shauri la mshabiki lilikuwa jepesi: tajiri mwema na tajiri mbaya. Lakini kulikuwa na jambo jingine lililomsumbua tangu utoto, nalo lilimjia kwa baba yake. Curt Flood, mchezaji hodari wa St. Louis, alikulia Oakland. Wazee wa mtaani walimjua tangu alipokuwa mwanafunzi. Mwaka 1969 St. Louis walimbadilisha kwenda Philadelphia baada ya miaka kumi na miwili ya kazi, naye akakataa. Alimwandikia kamishna kwamba yeye hakuwa bidhaa ya kununuliwa na kuuzwa bila kuulizwa. Wakati huo mkataba wa besiboli ulikuwa na kifungu kilichomfunga mchezaji kwa klabu yake mwaka baada ya mwaka, mpaka klabu yenyewe ipende kumwachilia. Flood alilipeleka jambo hilo mahakamani hata likafika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambako mwaka 1972 alishindwa kwa kura 5 kwa 3. Kazi yake ya kucheza iliharibika. Mwisho wa 1975 msuluhishi aliamua shauri la wachezaji wengine wawili, Andy Messersmith na Dave McNally, na kifungo kile kikakatika. Flood hakuwa tena uwanjani kuufaidi uhuru alioupigania.

Siku habari za kukataa kwa Flood zilipofika, mtoto alimwuliza baba yake kwa nini mtu akatae kucheza besiboli kwa mshahara mkubwa namna ile. Baba, ambaye alikuwa mtu mweusi kama Flood na mtu wa chama cha wafanyakazi, alijibu, "Mwanangu, mtu hauzwi. Akitaka kwenda, na aende kwa miguu yake."

Maneno haya yalikuwa mzigo kwa mshabiki. Mapenzi yake yalitamani mchezaji afungwe Oakland maisha. Dhamiri yake ilijua kuwa kufungwa huko ndiko Flood alikokukataa. Mchezaji akiondoka kwa hiari kutafuta malipo bora, mshabiki huumia, lakini hana haki ya kulaumu, kwani naye aliwahi kuacha kazi moja kwa sababu ya mshahara wa nyingine. Kubadilishwa ni jambo la namna nyingine. Hapo mchezaji hakuulizwa na mshabiki hakuulizwa. Wawili hao wako upande mmoja wa meza, na upande wa pili ameketi mtu mmoja.

Uhuru uliopatikana ulikuwa na mpaka. Kwa kanuni zilizofuata, mchezaji hubaki chini ya klabu yake mpaka atimize miaka 6 ya kazi katika ligi kuu. Miaka mitatu ya kwanza mshahara wake ni mdogo. Mitatu ifuatayo hupanda kwa kasi. Klabu isiyotaka kulipa yajua la kufanya: humtoa mchezaji mwaka wa nne au wa tano, kabla hajawa ghali sana na kabla hajawa huru, na hupokea vijana wa bei rahisi, na hesabu huanza upya. Kwa miaka mingi Oakland walisifiwa kwa ujuzi huo. Mwaka 2002 walishinda mara 20 mfululizo kwa fedha kidogo, na kitabu kiliandikwa juu ya werevu wao, na filamu ikafuata. Mshabiki alikisoma, akacheka palipostahili. Lakini alipokifunga alitambua kuwa alikuwa amesoma sifa za mpishi ajuaye kupika bila nyama, katika nyumba ambayo mwenyewe alikuwa na ng'ombe wengi.

Baada ya msimu wa 2021 ujuzi huo ulitumika bila haya. Katika muda wa siku chache za Machi 2022 Chris Bassitt alikwenda New York kwa Mets, Matt Olson Atlanta, Matt Chapman Toronto. Mwanzo wa Aprili Sean Manaea alikwenda San Diego. Mjukuu wa mtu wetu, ambaye alikuwa na fulana yenye jina la Olson mgongoni, aliuliza, "Babu, amefanya kosa gani?" Babu alijibu kuwa kosa lake ni kuwa hodari. Kesho yake Atlanta, ambao ndio waliokuwa karibu na nyumbani kwa Olson, walimpa mkataba wa miaka 8 kwa dola 168,000,000. Oakland wa mwaka huo walitazamwa na watu chini ya 800,000 msimu mzima, na hesabu hiyo ikatolewa baadaye kuwa ushahidi kwamba mji haukuitaka timu.

Yapasa kumtendea haki mwenye timu, John Fisher, wa jamaa iliyoanzisha maduka ya Gap, ambaye aliingia katika umilki mwaka 2005. Uwanja ulikuwa umechakaa kweli. Maji machafu yalifurika katika vyumba vya wachezaji. Mipango ya uwanja mpya ilivunjika mara kwa mara, na makosa hayakuwa yake yote. Mji nao ulijadiliana naye miaka kadhaa juu ya kujenga kando ya bandari, pale ambapo babaye mshabiki alikuwa akipakua shehena. Aprili 2023 klabu iligeuza uso kuelekea Las Vegas. Mtu aweza kuhama akidaiwa nyumba mpya. Bali si kwanza kuvunja vyombo, kuwafukuza wageni, kisha kulalamika kuwa hapana atembeleaye.

Tarehe 13 Juni 2023, siku ya Jumanne, washabiki walikubaliana kufanya kinyume cha kugoma: waje wote. Walikuja 27,759 kutazama timu iliyokuwa mbaya kuliko zote, nayo ikashinda 2 kwa 1. Wengi walivaa fulana za kijani zenye neno moja tu: Uza. Mtu wetu alivaa yake, akapiga kelele pamoja na wenzake hata sauti ikamkauka. Ilikuwa njiani kurudi alipotambua alichokuwa akikisema. Miaka 47, tangu Juni ya Rudi na Fingers, alikuwa amewasihi wenye timu wasiuze. Na sasa alikuwa ametoa fedha kununua nguo ya kumsihi mmoja wao auze. Akaona kuwa yote mawili yalikuwa ombi la mtu mmoja, asiye na hati. Novemba 16 mwaka huo wenye timu 30 walipiga kura juu ya kuhama, 30 walikubali.

Mchezo wa mwisho Oakland ulikuwa Septemba 26, 2024. Watu 46,889 waliingia, na Athletics waliwashinda Texas 3 kwa 2. Msimu wa 2025 timu ilicheza katika uwanja mdogo wa West Sacramento, ikijiita Athletics bila jina la mji wowote, jambo ambalo lilikuwa kweli kuliko walivyokusudia. Mwaka uleule wa 2024 klabu ndogo iliyoanzishwa Oakland, iitwayo Ballers, ilianza kucheza katika bustani ya Raimondi, magharibi ya mji, ikauza hisa kwa washabiki wake. Mtu wetu alinunua hisa chache. Karatasi aliipiga chapa kwa mashine ya binti yake, akaitia katika fremu, akaitundika ukutani chini ya picha ya baba yake.

Wachezaji wa Ballers ni vijana wasiojulikana, na wengi huondoka kabla hajakariri majina yao. Yeye huenda, hukaa nyuma ya mrushaji, hula karanga. Usiku, arudipo, hufungua simu yake kutazama Olson amefanya nini siku hiyo, na kama amevusha ukuta humwita mjukuu aje aone.